Namna ya Kulichunguza Jengo la Kupanga Karibu na Shule Kabla ya Kujaza Fomu ya Maombi

Mzazi anayetafuta nyumba karibu na shule ya mjini huwa na haraka, kwa kuwa muhula haumsubiri mtu, na haraka hiyo humfanya aikague fleti aliyooneshwa huku akilisahau jengo lenyewe. Kazi yangu ni kuwasaidia wazazi kupata nyumba za kupanga, na ninashikilia jambo moja: rangi mpya na vigae vinavyong'aa ni mambo ya fleti moja, ilhali maji, usalama, lifti na mwenendo wa mwenye nyumba ni mambo ya jengo zima, na mpangaji mmoja hawezi kuyabadilisha akishahamia. Kamilisha hatua hizi kabla hujalipa ada ya maombi wala kukabidhi nakala ya kitambulisho chako.

Hatua ya 1: Anzia shuleni

Shule nyingi za umma hupokea wanafunzi kwa kufuata mipaka ya maeneo, na mpaka unaweza kupita katikati ya barabara, hivyo jengo la upande huu likawa ndani na la ng'ambo likawa nje. Usitosheke na neno la dalali. Ipe ofisi ya shule anwani kamili ya jengo, uombe jibu la maandishi, kisha uliza kama darasa la mwanao lina nafasi na ni hati zipi za makazi zinazokubalika. Swali hili la mwisho lina uzito, kwa sababu shule inayodai mkataba wenye jina la mzazi haitamsaidia mtu aliyepangishwa chumba na mpangaji mwingine.

Hatua ya 2: Itembee njia saa ya shule

Umbali unaotajwa kwenye matangazo mara nyingi hupimwa kwa mstari ulionyooka, kana kwamba mtoto ataruka juu ya mapaa. Tembea kutoka mlango wa jengo hadi lango la shule, asubuhi ya siku ya masomo, kwa mwendo wa mtoto. Hesabu mahali pa kuvukia barabara, angalia kama pana taa au mtu wa kuwavusha watoto, na uone kama njia ya waendao kwa miguu imezibwa na magari yaliyoegeshwa. Kisha chuchumaa kwenye kivuko hadi macho yako yafikie kimo cha mtoto: gari lililosimama, ambalo wewe unaona juu yake bila shida, humficha yeye kabisa asionekane na dereva anayekata kona.

Rudi jioni, usikilize. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilipendekeza kwamba kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 53 kwa siku nzima na 45 usiku. Programu ya simu ya kupima kelele hutoa makadirio tu, lakini ukilazimika kupaza sauti ili usikike dirishani kwenye chumba cha kulala, umekwisha kupata jibu.

Hatua ya 3: Mjue mwenye jengo

Linganisha jina la anayepangisha na lile lililo kwenye kumbukumbu za ardhi. Kama ni wakala, aoneshe barua ya idhini. Iwapo mamlaka ya mji huweka wazi taarifa za ukaguzi wa majengo, zisome kwa kuangalia tarehe, kwani kasoro moja iliyorekebishwa haraka hainitishi kama lalamiko lile lile linalojirudia kila mwaka.

Hatua ya 4: Maji, unyevu na rangi

Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Maji yakipanda mita 10 hupoteza shinikizo la takriban bar 1 (bar ni kizio cha kupimia shinikizo), kwa hiyo ghorofa za juu zisizo na pampu ndizo za kwanza kukosa maji wakati wa matumizi makubwa. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, asubuhi watu wanapojiandaa kutoka, utazame kama moja linafifia. Uliza tangi la akiba liko wapi na husafishwa lini.

Kagua pembe za kuta, nyuma ya kabati, na dari iliyo chini ya bafu la jirani wa juu. Kipande kimoja kilichopakwa rangi mpya katikati ya ukuta mkuukuu mara nyingi kimefunika doa la maji. Unyevu na ukungu huhusishwa na pumu, na mtoto atalala humo kila usiku. Katika jengo la zamani lenye rangi inayobanduka, omba matokeo ya kipimo cha madini ya risasi kwenye rangi hiyo, kwani madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Hatua ya 5: Ngazi

Shuka kwa miguu kutoka juu hadi chini. Mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli unatosha kuliondoa jengo kwenye orodha yako.

Hatua ya 6: Zungumza na wapangaji

Usiulize kama jengo ni zuri, kwa sababu utajibiwa kwa adabu tu. Uliza hivi: "Mara ya mwisho kitu kilipoharibika, kilitengenezwa baada ya siku ngapi?" Waulize wakazi wa ghorofa tofauti, msimamizi asiwepo.

Hatua ya 7: Maombi yenyewe

Omba mkataba mtupu uusome nyumbani. Angalia kama ada ya maombi hurudishwa ukikataliwa, amana hukatwa kwa sababu zipi, kodi hupandishwa kwa notisi ya muda gani, na kama mkataba unakwisha katikati ya mwaka wa masomo. Ukiwa hivyo, jadiliana tarehe kabla ya kusaini. Anayekataa kukuonesha mkataba mpaka ulipe kwanza, mwache, hata kama jengo lake linatazamana na lango la shule.