Minyoo ya njano kwenye perege: pambana na konokono

Ukifunua matamvua ya perege ukakuta vivimbe vya njano vyenye ukubwa wa punje ya mchele, au ukavikuta ndani ya mnofu, hao ni minyoo bapa aina ya Clinostomum. Toboa kivimbe kimoja: mnyoo atatoka akijikunja na kujinyoosha. Mteja akimwona sahanini, harudi tena kwako.

Wafugaji wengi hudhani samaki mmoja humwambukiza mwenzake. Sivyo. Mnyoo mpevu huishi mdomoni na kooni mwa ndege wanaokula samaki, kama korongo na yangeyange. Ndege akitumbukiza mdomo bwawani, mayai huingia majini. Kiluwiluwi akianguliwa humtafuta konokono, na ndani ya konokono huyo yeye peke yake huzalisha wengine wengi mno. Hao hutoka wakiwa na mkia, hupenya ngozi ya samaki na kujifungia ndani ya kivimbe kwa miezi mingi. Ndege akimmeza samaki huyo, minyoo hupanda kooni mwake na kupevuka ndani ya siku chache.

Usimalize fedha kwenye dawa. Kivimbe humkinga mnyoo. Ndege nao huwezi kuwazuia wote, ingawa wavu juu ya bwawa la vifaranga unalipa. Pa kushika ni konokono.

Fyeka majani ya kingo na ondoa magugu maji, maana ndiko wanakotagia. Weka chujio la matundu madogo pale maji yanapoingilia. Ukishavuna, ondoa maji yote, toa tope, kisha mwaga chokaa udongo ukiwa bado na unyevu, gramu 100 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Bwawa la mita za mraba 300 litahitaji kilo 30 hadi 60. Fikisha hadi kwenye kingo, ndipo uache pakauke mpaka papasuke. Kukausha peke yake hakutoshi: baadhi ya konokono hujichimbia topeni na kulala wakisubiri maji.

Vaa gambuti na glavu ndefu katika kazi hii. Baadhi ya konokono hao ndio wanaoeneza kichocho, na afya yako ina thamani kuliko mavuno yoyote.

Samaki mwenye minyoo akiiva vizuri hana madhara, ila asiliwe mbichi, kwani mnyoo huweza kumng'ang'ania mtu kooni. Matumbo na mabaki yafukie shimoni, mbali na ndege.