Presha na asidi ya yuriki: soma pakiti ya dawa zako

Una presha na asidi ya yuriki (taka ya damu inayotolewa na figo) imepanda? Kabla ya kulaumu nyama, soma pakiti ya dawa. Dawa za kukojosha, hasa zenye herufi HCT, hufanya figo zibakize asidi hiyo mwilini. Tafadhali usiziache mwenyewe, presha itapanda. Muulize daktari kama losartani inakufaa, kwani hushusha presha na pia husaidia asidi kutoka na mkojo.

Asidi ya yuriki ikivuka miligramu 6.8 kwa desilita ya damu, chembechembe zake zinaweza kuganda kwenye maungio ya mifupa. Kidole gumba cha mguu huvimba usiku, hata shuka likikigusa ni maumivu makali. Kipimo cha asidi wakati huo huweza kudanganya kwa kusoma kawaida: rudia wiki 2 baada ya maumivu kuisha.