SOMO: Breki zinasaga? Sikiliza kwanza, ndipo ufungue tairi

Wakuu, mfano wangu leo ni Toyota IST kwa sababu zimejaa barabarani: mbele diski (sahani ya chuma inayobanwa na pedi), nyuma dramu (ngoma ya chuma yenye viatu vya breki ndani). Ukiielewa hiyo, Vitz na Probox hazitakusumbua.

Kabla hujakimbilia duka la spea, jua unachokisikia. Mluzi mwembamba unapokanyaga breki mara nyingi ni kile kichuma kidogo kilichowekwa makusudi kwenye pedi, kikwaruze diski pedi inapokaribia kuisha. Hapo bado una muda kidogo. Lakini mkwaruzo mzito, unaousikia mpaka kwenye unyayo, maana yake nyama ya pedi imekwisha na bamba lake la chuma ndilo linalosaga diski. Hilo halisubiri mshahara.

Kelele isiyohitaji hata uguse breki ni kesi nyingine. Huenda kijiwe kimenasa kati ya diski na bati la kukinga vumbi, au kalipa, kile kibano kinachoshika pedi juu ya diski, imeganda. Mvumo unaopanda na mwendo, na kubadilika ukikata kona, mara nyingi ni beringi ya tairi; pedi mpya hazitakusaidia kitu. Na gari likikwaruza mita chache asubuhi baada ya mvua kisha likanyamaza, ni kutu nyepesi tu kwenye diski. Tunaokaa karibu na bahari tumeshaizoea.

Sasa kazi.

1. Egesha pagumu na tambarare, weka P, vuta handbreki, zuia tairi za nyuma kwa matofali. Legeza nati kabla ya kupandisha jeki. Ukishapandisha weka stendi. Jeki peke yake usiiamini.

2. Toa tairi, kagua. Pedi ya nje utaiona mara moja. Ya ndani imejificha, na mara nyingi ndiyo inayoisha kwanza, kwa hiyo chungulia kwa tochi. Pedi mpya ina nyama ya kama mm 10. Ikifika mm 3, badilisha. Diski ikiwa imepoa, pitisha ukucha. Ukinasa kwenye mifereji, diski inahitaji kuchongwa au kutupwa. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umeandikwa kwenye diski yenyewe, kando ya herufi MIN TH. Kama kuchonga kutaishusha chini ya hapo, nunua mpya. Vumbi usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, maana baadhi ya pedi za zamani zina asbesto. Futa kwa kitambaa kibichi.

3. Fungua bolti ya chini ya kalipa, inua kalipa, toa pedi. Ukiitoa kalipa nzima, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wa breki.

4. Hapa ndipo kazi nyingi za gereji zinapoharibika. Kalipa huteleza juu ya pini mbili. Zikikauka grisi au zikishika kutu, kalipa haitembei, pedi moja inabeba mzigo wa mbili na inaisha upesi. Fundi anakuwekea pedi mpya, anafunga, unalipa. Baada ya muda kelele ni ileile na wewe unalaumu pedi. Chomoa pini zote mbili, zisafishe kwa msasa laini, kagua vimpira vyake, kisha paka grisi maalumu ya breki. Grisi ya beringi hapana, huvimbisha mpira na pini zinabana upya. Pini ikirudi, iteleze kwa nguvu ya vidole tu.

5. Fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki. Weka pedi ya zamani juu ya pistoni (ile ya ndani ya kalipa inayosukuma pedi), irudishe ndani kwa klempu, polepole. Mafuta yatapanda kwenye kopo. Yakikaribia kufurika yanyonye kwa bomba la sindano, kwani yakimwagikia bodi yanakula rangi. Pistoni ikigoma, au ukiona unyevu kwenye mpira wake, simama. Kalipa inahitaji kufunguliwa na mtu anayeijua.

6. Funga pedi mpya, kulia na kushoto. Upande mmoja tu, gari litavuta.

7. Kabla halijasogea, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Usiliruke hili. Bila hivyo pedali itazama mpaka chini na gari halitasimama. Kisha tafuta barabara tupu uzoeze pedi: kutoka kilomita 50 kwa saa shuka hadi 10, rudia mara kama nane, ukiziacha zipoe katikati.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimeweka pedi mpya jana bado inasaga. Fundi anasema zitazoea.
Jibu: Mluzi unaweza kuzoea. Kusaga hakuzoei. Angalia bati la vumbi kama limepinda likagusa diski, kisha mifereji ya diski yenyewe. Hakikisha pia kelele haitoki nyuma.

Swali: Yangu inatoka nyuma kweli, na dramu imegoma kutoka.
Jibu: Kwanza shusha handbreki, huku tairi za mbele zimezuiwa. Kwenye uso wa dramu kuna matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti mbili zinazolingana nayo, zikaze kwa zamu, zitaisukuma nje. Kabla ya kugusa springi piga picha, na fungua upande mmoja kwanza ili wa pili ubaki kuwa kielelezo.

Swali: Kaka, wiki ijayo natoka Dar naenda Mbeya na watoto. Inapiga mluzi tu, nitafika?
Jibu: Dada, badilisha kabla ya safari. Njiani kuna mlima Kitonga: ukienda Mbeya unaupanda, ukirudi unaushuka, na mteremko ule huzipa breki joto kali hata zikiwa nzima. Ukishuka tumia gia ndogo ili injini ishike gari, usiegemeze mguu kwenye pedali mwanzo hadi mwisho. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali imelegea, tafuta pa kuegesha salama upumzike. Na usizimwagie maji, diski yenye moto inaweza kupinda au kupasuka.

Swali: Gari langu lina diski hata nyuma, pistoni haisukumiki kwa klempu.
Jibu: Kama handbreki inafanya kazi kwenye kalipa hiyohiyo, pistoni nyingi za hivyo huzungushwa zikiingia, hazisukumwi tu. Ukiilazimisha utaiua. Azima kifaa chake gereji. Na kama handbreki ni ya kitufe, usiguse kitu kabla fundi wa umeme hajaiweka kwenye hali ya matengenezo.