Kuomba uamuzi wa forodha kabla ya kuagiza bunduki ndogo za sanamu za askari, ukiwa Dodoma

Sanamu ya askari ya kipimo cha 1/6 ina kimo cha sentimita 30 hivi. AK-47 halisi ina urefu wa kama sentimita 87, kwa hiyo ile ya sanamu inatoka na sentimita 14 na nusu, sawa na kalamu ya wino. Lakini ina magazini inayochomoka na kitako kinachokunjika, na kwenye ankara muuzaji ameandika tu "AK-47, vipande 2". Ofisa wa forodha akisoma hivyo, kuuzuia mzigo ni wajibu wake. Ndiyo maana nawasihi wakusanyaji wenzangu: ombeni uamuzi wa awali kabla ya kulipa hata senti.

Haki hiyo ipo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 248A. Unamwandikia Kamishna akuambie bidhaa yako inaingia namba gani ya ushuru. Silaha ziko Sura ya 93, ila maelezo ya sura hiyo yenyewe yanaziondoa zile ambazo ni vitu vya kuchezea na kuzipeleka Sura ya 95. Huko, namba 9503, ndiko ziliko pia modeli zilizopunguzwa kipimo. Hiyo ndiyo hoja yako.

Andaa namba yako ya mlipa kodi (TIN), kisha andika barua kwa Kamishna wa Forodha, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kichwa kiwe wazi:

YAH: MAOMBI YA UAMUZI WA AWALI – MODELI ZA BUNDUKI ZA KIPIMO CHA 1/6, NAMBA 9503

Mwili wa barua ndio wa kuutolea jasho. Taja urefu kwa sentimita, uzito kwa gramu, na malighafi: plastiki, au aloi ya zinki. Kama kuna sehemu inayocheza, iseme. Sema kwamba mtutu hauna uwezo wa kurusha chochote, na liseme hilo ikiwa tu ni kweli. Bunduki za upepo, springi au gesi zimetajwa kwenye namba 9304, pamoja na silaha. Hizo usizichanganye kwenye ombi hili, kaanze na Polisi. Ambatisha ankara ya awali ya muuzaji na picha ya kila kipande kikiwa kando ya rula. Picha ya rula inamaliza maswali mengi.

Peleka nakala mbili ofisi ya TRA Dodoma, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Kamishna akikubaliana na hoja yako, mwombe muuzaji aandike kwenye ankara maneno yale yale ya barua, na nakala ya uamuzi iwe tayari mzigo ukifika. Anwani iwe na postikodi. Za Dodoma zinaanza na 41. Ushuru hukokotolewa kwa bei pamoja na usafirishaji na bima, kisha VAT ya asilimia 18 juu yake. Lipia kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kamwe si mkononi.

Mzigo ukizuiwa hata hivyo, kifungu cha 229 kinakupa siku 30 tangu uamuzi utolewe kuomba mapitio kwa Kamishna, kwa maandishi na kwa sababu. Naye ana siku 30 za kujibu. Zikipita kimya, sheria inahesabu ombi lako limekubaliwa.