Somo: Jiko kapu la sweta za mtumba

Nenda soko la Karume au la Tandika, Dar es Salaam, asubuhi belo linapofunguliwa uone watu wanachogombania: magauni, tisheti, jinzi. Sweta nzito na makoti ya baridi ya Ulaya yanasukumwa pembeni. Jua la Dar halina huruma na mtu aliyevaa sufu, kwa hiyo muuzaji anawawekea wanaopeleka mzigo kwenye baridi ya Njombe na Makete, na yanayobaki anayapiga mnada mchana kwa bei ya kutupa. Mimi ndipo ninapoanzia. Sufu haijui kama inazuia mwili wa mtu usipoe au sufuria ya maharage.

Leo tunatengeneza jiko kapu. Ni kapu lililojazwa nguo nzito. Unachemsha chakula motoni, unakizika humo na mfuniko wake, kinamalizia kuiva kwa joto lake chenyewe bila mkaa wala gesi. Si jambo jipya: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Uingereza iliwahimiza watu kupika kwenye sanduku lililojazwa majani makavu ili kubana matumizi ya nishati. Sisi tuna mitumba. Yapo majiko ya aina hii yanayouzwa tayari, mazuri tu, lakini ukiona bei utarudi kwenye somo hili.

Unachohitaji

Kapu la ukili lililosukwa vizuri, au tenga la nyanya kama sufuria yako ni kubwa. Ukiiweka sufuria katikati, ibaki nafasi ya sentimita 10 hivi kila upande, na juu ya mfuniko sentimita 15 au zaidi. Sweta tano au sita, shuka moja la pamba la mtumba, khanga kuukuu, mkasi, uzi mgumu na shazia, ile sindano ya kushonea magunia. Cherehani si lazima. Sufuria zetu za alumini zisizo na mikono zinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu hakuna kinachochomoza kwenye mito.

Hatua ya 1: Rundoni

Hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwenye rundo usitafute nguo, tafuta kitambaa. Rangi imepauka, kola imechakaa, kiwiko kina tundu: kwetu hayo si kasoro, ni sababu ya kuteremsha bei. Unachotaka ni sufu au pamba nzito. Soma lebo ya ndani kama bado ipo. Mizigo mingine hutoka Ulaya, kwa hiyo unaweza kukutana na Wolle (Kijerumani) au laine (Kifaransa), yaani sufu. Ukiona Baumwolle usidanganyike, hiyo ni pamba.

Lebo ikiwa imekatwa, nunua sweta moja kwanza ukalijaribu nyumbani. Chomoa uzi mmoja, uushike kwa koleo juu ya sahani, uwashe kwa kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua, na moto wake huzimika wenyewe ukiondoa kiberiti. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Polista inayeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu. Ukishafanya mara chache, vidole vitaanza kujua kabla ya kiberiti.

Polista na zile jaketi laini kama manyoya usizitupe. Zinashika joto vizuri pia, ila zikae nje, mbali na sufuria, maana zikigusana na chuma cha moto zinayeyuka.

Hatua ya 2: Kufua

Mwenye sweta la sufu la kuvaa huambiwa asilitie maji ya moto, na ni kweli, litasinyaa hadi limtoshe mtoto. Sisi tunataka hivyohivyo. Tia sweta za sufu kwenye maji ya moto na sabuni, zikande, zisugue, zipige kama una hasira nazo. Nyuzi zinashikana, kitambaa kinakuwa kinene na kigumu, na ukikikata hakifumuki. Hilo peke yake limekuondolea kazi nusu ya ushonaji.

Anika juani mpaka zikauke kabisa, hata kama ni siku mbili. Nguo yenye unyevu inapitisha joto, na kapu lenye unyevu litakupa maharage mabichi na harufu ya ukungu.

Kabla ya kukata, ondoa vifungo na zipu uweke kwenye kopo. Vifungo vya makoti ya zamani ni vizuri kuliko vingi vya dukani, na vitano vinavyofanana vinaibadilisha blauzi yoyote. Sweta la pamba au la uzi mzuri ambalo hujalifua kwa maji ya moto unaweza kulifumua, ukapata uzi wa kufumia kofia ya mtoto.

Hatua ya 3: Mito mitatu

Kata shuka utengeneze mifuko mitatu: mmoja wa duara wa chini, mmoja mrefu wa kuzunguka ubavuni, mmoja wa duara wa juu ulio mpana kuliko mdomo wa kapu. Jaza vipande vya sweta. Sufu na pamba zielekee upande wa sufuria, polista upande wa kapu. Mto wa chini uwe na unene wa sentimita 8 hivi baada ya kugandamizwa na sufuria iliyojaa. Wengi hupima mto mtupu, wanauona mnene, kisha chakula kikikaa juu unabaki kama chapati.

Mto wa juu ndio mkubwa wao. Joto hupanda, na kapu linalovuja linavuja juu. Uulalie mfuniko mzima na kubana kingo zote. Usiushindilie sana: kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi, na mto mgumu kama jiwe hauna hewa.

Shona mto wa ubavuni kwenye kapu kwa shazia, mishono michache ya mbalimbali, ili uweze kuutoa kufua. Wa chini na wa juu iache huru. Khanga kuukuu ikunje mara nne kuwa mkanda mrefu, uupitishe chini ya sufuria kila unapoiweka, ncha mbili zibaki juu. Bila mkanda huo utaitoaje sufuria ya moto ndani ya shimo la sweta?

Hatua ya 4: Jaribio la maji

Jaza sufuria maji, yachemke, funika, zika kapuni, ondoka. Fungua baada ya saa nne. Maji yakiwa ya kuunguza kidole, kapu limefuzu. Yakiwa ya kuogea, ongeza mto wa juu kwanza, halafu urudie.

Hatua ya 5: Maharage

Loweka kilo moja usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya yazidi maharage kwa vidole viwili. Usitie mengi kama ulivyozoea, humu kapuni hakuna mvuke unaopotea. Sufuria ya lita 5 inajaa robo tatu, na inatakiwa ijae hivyo, kwa sababu chakula kidogo kwenye sufuria kubwa hupoa kabla ya kuiva.

Sasa sikilizeni vizuri. Maharage lazima yachemke kwa nguvu, yakitoa mapovu, kwa nusu saa nzima kabla ya kuingia kapuni. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko kamili. Joto la nyuzi 70 au 80 haliiondoi, na mtu atatapika na kuharisha ndani ya saa chache. Kapu halichemshi chakula, linaendeleza tu. Atakayeruka hatua hii asiseme nilimfundisha mimi.

Baada ya nusu saa, futa masizi chini ya sufuria, hakikisha hakuna kaa lililong'ang'ania, zika haraka. Usifunue kuchungulia. Baada ya saa nne rudisha motoni yachemke tena, yaunge kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi, chumvi mwishoni.

Wali ni rahisi zaidi: ukichemka dakika tano na maji bado yanaonekana juu, uingize kapuni kwa dakika 45. Bibi zetu walipalia wali kwa makaa juu ya mfuniko, na hapa mto unafanya kazi ya yale makaa. Mtakachokosa ni ukoko. Kwangu hilo ni pigo halisi, na sijapata dawa yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Morogoro: Dada asante kwa somo. Mimi napikia gesi, mtungi mdogo wa kilo 6. Kapu lina faida kwangu au ni la watu wa mkaa?

Jibu: Linakufaa zaidi, mpenzi. Mkaa ukishauwasha unaendelea kuungua hata ukitoa sufuria, labda uuzime kwa mchanga. Gesi unafunga palepale. Maharage yaliyokuwa yanakula saa mbili za moto sasa yanakula nusu saa na dakika chache za kuunga. Utaona mwenyewe mtungi unavyochelewa kuisha.

Mwanachama, Mbeya: Huku kwetu baridi, sweta ndiyo nguo ya kwanza kugombaniwa. Hatupati za kukata. Tufanyeje?

Jibu: Pita kwa mafundi cherehani uombe vipande, wengi wanavitupa. Pumba za mpunga zilizokauka pia zinafaa, zitie kwenye mfuko wa kitambaa kizito zisimwagike. Majani makavu ya mgomba nayo yamo, ila yabadilishe yakianza kusagika. Halafu kwenu ni juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ongeza muda wa kuchemsha, maharage dakika 45, na kapuni uyaache saa tano.

Mwanachama, Tanga: Naweza kuzika maharage saa nne usiku nikayakuta asubuhi kabla ya kwenda kazini?

Jibu: Hapana, hasa kapu likiwa jipya na hujalijua. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu vinaanza kuzaliana, na ndani ya sweta vimepata kitanda. Mimi sizidishi saa sita. Zika unapoondoka asubuhi kama kuna mtu wa kufungua mchana, au zika ukitoka kazini. Na kila ukifungua, chakula kichemke tena kabla ya kula. Nyama ndiyo kabisa, usiiache humo ipoe.

Mwanachama, Temeke: Mama mkwe anasema nguo za watu zina chawa na upele, hataki ziguse chakula.

Jibu: Mwambie shikamoo, na kwamba ana haki ya kuuliza. Maji ya moto ya nyuzi 60 kwenda juu yanaua chawa na wadudu wa upele. Ambazo haziwezi moto, zifunge kwenye mfuko wa plastiki wiki mbili kwa ajili ya chawa na mayai yao, maana wadudu wa upele wenyewe hawazidishi siku chache bila ngozi ya mtu, kisha zifue. Chakula chenyewe kiko ndani ya sufuria iliyofunikwa. Ila jambo moja: ukitumia Jik kwa mashuka, usichanganye na siki wala sabuni ya chooni. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu.

Mwanachama, Nairobi: Naipenda hii. Lakini mimi huenda Gikomba kutafuta koti la kuvaa ofisini, na mara nyingi narudi na kitu hakinikai. Hiyo kanuni ya kitambaa inasaidia?

Jibu: Inasaidia, ukiiongezea mabega. Fundi atapunguza kiuno, atafupisha mkono, atapandisha pindo kwa hela kidogo. Bega la koti limejengwa kwa tabaka za ndani, kulihamisha ni kulifumua koti zima, na gharama yake inazidi koti. Livae pale pale juu ya nguo yako. Mshono wa bega ukiishia pale mfupa wako unapoishia, na kitambaa ni kizuri, chukua hata kama tumboni ni kubwa. Tazama pia bitana kwapani, ndipo panapochanika kwanza. Namba za lebo usizitegemee: 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, tena kila kiwanda kina vipimo vyake.

Mwanachama, Kigamboni: Pilau je?

Jibu: Inakubali. Kaanga viungo, nyama iive kwanza kabisa motoni, tia mchele, ikichemka na maji yakianza kuzama zika saa nzima. Maji yapunguze kidogo kuliko kawaida, la sivyo utapata bokoboko.

Mwanachama, Kigamboni: Na mito ikishanuka pilau?

Jibu: Itoe juani kila baada ya kupika, ndani nje. Ganda la shuka lifue kila wiki, kwa hiyo upande mmoja usiushone kabisa, weka vile vifungo vya kwenye kopo.