Kabla Mzee Hajaanza Vidonge vya Sonona

Familia nyingi Kisumu humfikisha mzee kliniki na habari za upande mmoja: hali chakula, halali, haongei na mtu tangu mkewe azikwe. Ni kweli yote. Lakini kabla ya kuandika dawa ya sonona, daktari anahitaji pia habari za upande wa pili. Je, aliwahi kupitia majuma ya kulala kidogo sana na bado akaamka na nguvu tele, akaongea bila kituo, akauza ng'ombe na kuanza biashara tatu kwa mpigo? Kwa mwenye bipola, ugonjwa wa kuzama kwenye sonona na kupaa kwa zamu, dawa ya kuinua moyo ikitolewa peke yake inaweza kumrusha hadi kwenye mania, yaani kule kupaa kwenyewe.

Yeye mwenyewe huenda asiseme, kwa kuwa nyakati zile alijiona mzima kuliko wote. Muulizeni dada yake mkubwa au jirani wa zamani. Pengine nyumbani waliita ulevi, au mapepo. Muulizeni pia kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kulazwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili ya Nairobi. Bipola hufuata ukoo. Aibu ya familia isiwazuie, kwa sababu jibu hilo hubadilisha dawa yenyewe.

Kisha kusanyeni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata zile za kununuliwa duka la dawa na za mitishamba. Amitriptilini hunywewa na wazee wengi kwa ajili ya maumivu ya neva au usingizi, bila wao kujua kuwa ni dawa ya sonona ya kizazi cha zamani. Kundi lake huhusishwa na mania zaidi ya fluoksetini, dawa ya sonona ya kizazi kipya, na kwa mzee huleta kizunguzungu, mkojo kuziba na kuanguka. Fluoksetini nayo ina yake: ikikutana na haidroklorothiazidi, ile ya presha, chumvi ya damu inaweza kushuka hadi mzee achanganyikiwe. Ombeni ipimwe kabla ya kuanza na tena wiki chache baadaye. Tramadoli, dawa ya maumivu, itajwe. Prednisoloni, dawa ya steroidi, itajwe kwa herufi kubwa, maana yenyewe tu inaweza kuleta mania. Na kama mania imemjia kwa mara ya kwanza baada ya miaka 60, daktari atafute pia kiharusi na tatizo la tezi ya shingo.

Haya si ya kuwatisha. Wazee wengi hutumia dawa hizi bila kupandwa na mania, na sonona isiyotibiwa nayo huua.

Teueni mtu mmoja anayelala nyumba hiyo, aandike kila asubuhi mzee amelala saa ngapi. Usingizi ukipungua naye hachoki, hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Msisubiri furaha, kwani kwa mzee mania mara nyingi huja na hasira na kushuku watu. Zungumzeni naye mapema, akiwa ametulia, juu ya M-Pesa na hati ya shamba: nani ashauriwe kabla ya pesa nyingi kutoka? Akubali mwenyewe. Kumnyang'anya simu kwa nguvu huzaa vita.

Akianza kubadilika, mpigieni daktari aliyemwandikia siku hiyo hiyo. Msimpunguzie dozi kwa kubahatisha. Baadhi ya dawa hizi zikikatwa ghafla humsumbua mgonjwa, na fluoksetini hubaki mwilini kwa wiki kadhaa hata baada ya kuachwa. Ila akichanganyikiwa ndani ya siku moja, asubuhi anawatambua, jioni hawatambui, mkimbizeni kitengo cha dharura, iwe Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, au hospitali iliyo karibu. Huenda ni malaria au maambukizi ya mkojo. Na akiwekwa kwenye lithiamu, dawa ya bipola, rudini na ule mfuko: haidroklorothiazidi na ibuprofeni hupandisha kiwango chake kwenye damu hadi kuwa sumu.