Namna ya kuchagua safari nafuu ya meli ya kitalii ukitokea Dodoma

Ukiona tangazo la meli ya kitalii limeandika "kuanzia dola 250", jua kwamba hiyo ni bei ya mtu mmoja, ndani ya chumba cha watu wawili kisicho na dirisha, na mara nyingi kodi za bandari hazimo. Kwa anayetoka Dodoma, unafuu hupimwa tangu anapofunga mlango wake hadi anaporudi. Kwa hiyo bei isiwe kitu cha kwanza kutazama.

Hatua ya 1: Viza kwanza

Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi kuanzia siku utakayorudi. Kisha tazama bandari zote ambazo meli itapita, si ile ya kuondokea tu.

Safari nyingi za Mediterania zinahitaji viza ya Schengen (viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo): euro 90 kwa mtu mzima, hazirudi hata ukinyimwa, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Meli ikitoka Italia, ikapita Uturuki au Tunisia, kisha ikarudi Italia, utakuwa umeingia Schengen mara mbili. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja, utazuiwa kupanda melini siku ya kwanza kabisa, na pesa yako hairudi.

Ndiyo maana kwa Mtanzania anayeanza, kupanda meli Durban, Afrika Kusini, ndiyo chaguo la busara. Afrika Kusini tunaingia bila viza hadi siku 90 kwa mwaka. Msimu wa meli huko ni takriban Novemba hadi Aprili, na safari nyingi ni za usiku 3 au 4 kuelekea pwani ya Msumbiji.

Hatua ya 2: Chagua tarehe

Desemba ni ghali kwa sababu shule zimefungwa. Bei hushuka baada ya shule za Afrika Kusini kufunguliwa katikati ya Januari, hadi Machi. Kwa mtumishi wa umma wa Dodoma kipindi hicho kinafaa sana, kwani Bunge la bajeti huanza Aprili na ruhusa huwa ngumu. Ila ujue sababu nyingine ya unafuu huo: ni msimu wa vimbunga katika Mlango wa Msumbiji. Nahodha anaweza kuruka bandari kwa usalama, na kwa kawaida unarudishiwa kodi ya bandari hiyo tu. Kama shabaha yako ni kisiwa fulani na si meli yenyewe, usinunue miezi hiyo.

Hatua ya 3: Piga hesabu kamili

Chukua mfano wa watu wawili, usiku 4, kwa dola:

- nauli ya meli: 250 × 2 = 500
- kodi za bandari: 100 × 2 = 200
- bakshishi ya wahudumu: 15 × 2 × 4 = 120
- intaneti na vinywaji: 130

Jumla ni 950, na bado hujapanda ndege. Bakshishi hukatwa kila siku kwenye akaunti yako ya melini, hata kwa mtoto mwenye kitanda chake. Ongeza treni ya SGR hadi Dar es Salaam, ndege hadi Durban, na hoteli usiku mmoja. Ukisafiri peke yako unaweza kutozwa nafasi zote mbili za chumba. Familia ya watu wanne katika chumba kimoja hunufaika zaidi, maana wa tatu na wa nne hulipa kidogo.

Hatua ya 4: Chumba

Asiyezoea bahari achukue chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini. Mbele na juu ndiko meli inakoyumba zaidi. Dawa ya kichefuchefu inywe kabla ya kung'oa nanga, kwani ukishaanza kutapika haikai tumboni. Vyumba vya bei ya chini kabisa mara nyingi ni vile ambavyo kampuni inakupangia yenyewe. Usivichukue kama mnataka vyumba jirani. Mjamzito atakayefikisha wiki 24 kabla ya safari kuisha hukataliwa na kampuni nyingi.

Hatua ya 5: Malipo

Mwombe benki afungue kadi yako kwa malipo ya nje na kupandisha kikomo. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Soma tarehe ya kumalizia malipo, kwa kawaida siku 60 hadi 90 kabla. Ukighairi baada ya hapo makato huongezeka hadi kufikia bei yote. Melini, kadi ya akaunti yako ya benki hushikiliwa kiasi fulani cha pesa ambacho huchukua siku kadhaa kuachiwa, kwa hiyo waulize kama wanapokea amana ya fedha taslimu.

Hatua ya 6: Kufika na kurudi

Fika Durban siku moja kabla. Upandaji hufungwa saa moja au zaidi kabla ya kuondoka, na meli haimsubiri aliyecheleweshwa na ndege. Siku ya kushuka, kata tiketi ya ndege ya baada ya saa saba mchana, maana foleni ya mizigo na uhamiaji inaweza kumaliza asubuhi yote. Treni ya kurudi Dodoma weka ya kesho yake.